Trekta la Mama Clemensi

Kila Jumamosi asubuhi, akishakamua ng'ombe na kabla ya kukaa kuchambua maharage, Marsela alivuka ua, akaondoa gunia lililofunika trekta, akazungusha kamba mara tatu kwenye gurudumu dogo la injini, akavuta. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili, siku nyingine wa kwanza. Aliiacha iungurume kwa muda wa kusali makumi mawili ya rozari, kisha akaizima na kulifunika trekta tena. Hakuwa akienda nalo popote. Hakujua kuliendesha. Mwanawe Clemensi ndiye aliyemwagiza hivyo siku alipoondoka kwenda vitani.

"Mama, iwashe kila Jumamosi," alisema. "Ikikaa sana inaganda, nikirudi nitapata kazi."

Lilikuwa trekta dogo la bustani, kimo chake hakikufika kifua cha mtu mzima. Zamani mke wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani alikuwa akikatia nyasi za mbele ya nyumba yake. Walipohama, miaka ya mwanzo ya uhuru, walimwachia Tluway, mume wa Marsela, kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua tabia za trekta hilo. Tluway alipofariki likabaki kwa Clemensi. Yeye alilifungia jembe nyuma, akawa analimia watu bustani za vitunguu na viazi kijijini kwao, Qurus. Wajane aliwalimia kwanza, kabla ya wote. Kiti cha chuma kilipovunjika alichonga kingine cha mti wa mringaringa, akakisugua kwa msasa siku mbili mpaka kikawa laini kama kwato.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane kijiji kiliambiwa kitoe vijana sita. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Jina la sita, Clemensi Tluway, liliandikwa juu ya mahali palipofutwa kwa raba, na kwa kuwa karatasi ilikuwa nyembamba, jina la zamani lilionekana ukisimama upande wa jua. Lilikuwa Inosenti Martini. Martini, baba yake, alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Watu walisimama upande wa jua, wakasoma, wakaenda zao. Clemensi naye alisoma. Alirudi nyumbani akabadilisha oili ya trekta.

Asubuhi ya kuondoka shati lake lilikosa kifungo kimoja. Marsela alikata kimoja kwenye gauni lake la kanisani, cha bluu, chenye umbo la ua, akakishona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Clemensi alicheka akasema wenzake watadhani ana cheo.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu injini haikuwaka. Marsela alivuta kamba mara kumi na tatu. Alipumzika, akavuta tena mara saba, kisha akaenda kuchambua maharage. Jumamosi iliyofuata haikuwaka pia.

Alhamisi Inosenti alileta kuni. Alizileta kila Alhamisi tangu orodha ilipobandikwa. Hakuna aliyemtuma. Aliziweka karibu na mlango, na Marsela alikuwa amemwekea kikombe cha chai juu ya jiwe. Inosenti alikunywa, akakifunika kikombe kichwa chini ili vumbi lisiingie, akaondoka. Siku hiyo alipoona gunia limeondolewa alikwenda akavuta kamba mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kisha akalifunika trekta na kwenda zake.

Wanawake wa Kimasai wa Nainokanoka walikuwa wakishuka na punda siku za mnada kununua mahindi, kwa kuwa huko kwao juu, ndani ya hifadhi, walikuwa wamekatazwa kulima, ulikuwa mwaka wa nne. Mmoja wao, Sintamei, alizoea kupumzika kwa Marsela na kunywesha punda wake. Marsela alimpa ujumbe umfikie Lembris.

Lembris alikuwa fundi. Aliwahi kuwa msaidizi kwenye greda la barabara ya ukingo wa kreta, na kabla ya hapo yeye na Clemensi walijifunza injini pamoja Karatu, kwa fundi mmoja, wakilala kitanda kimoja. Alishuka kwa miguu. Alivaa ovaroli yenye grisi na shuka nyekundu juu yake, na vifaa vyake vilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

"Shikamoo, Mama Clemensi."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wazima?"

"Wazima, ila nyasi ndiyo hakuna. Clemensi ameandika?"

"Barua ya mwisho ilikuja kabla ya Noeli."

"Mvivu huyo. Tulipokuwa kwa fundi mimi ndiye niliyekuwa naandika vipimo vyote, Clemensi anakula ugali." Alifungua mkebe. "Alikuwa anasema Mmasai akishika spana ng'ombe wanacheka. Leo wako wangapi hapa, Mama Clemensi?"

"Wawili."

"Basi wacheke wawili."

Alikaa juu ya kigogo mbele ya injini na kuitazama kitambo bila kuigusa.

"Injini hii ina mambo matatu tu," alisema. "Moto, pumzi, mafuta. Ikikosa moja, utavuta kamba mpaka Pasaka. Tuanze na moto."

Alifungua plagi, akaisugua kwa msasa, akailaza juu ya chuma, akavuta kamba. Cheche ya bluu iliruka.

"Moto upo. Tazama platini za kuwashia zilivyo safi. Clemensi ana mkono mzuri, nisimnyime haki yake."

Kisha akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba ili asikie pumzi, akavuta kamba kwa mkono mwingine. Alingoja. Akavuta tena, akangoja zaidi.

"Imebana," alisema.

"Imebana nini?"

"Pumzi. Inavuta ndani, haitoi. Njoo uweke kidole, Mama Clemensi."

Marsela alifuta mkono kwenye kanga, akaweka kidole. Lembris akavuta kamba. Injini ilivuta kidole chake taratibu, ikajaa, ikatulia hivyo hivyo. Hakuna kilichorudi. Marsela aliijua hali hiyo. Alikuwa ameiona makaburini kwa wanawake ambao hawataki kuanza kulia.

"Tuone mafuta," alisema Lembris.

Alifungua koki chini ya tangi. Petroli ilitoka kidogo, ikafuata maji. Lembris alikinga kwa jagi, likajaa. Marsela akaleta beseni, likajaa. Wakaleta ndoo ya kunyweshea ng'ombe, halafu pipa. Tangi lenyewe lilikuwa la lita tano. Maji yalikuwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa, na yalinuka majani yaliyooza na matope ya mahali penye nafasi kubwa. Katika beseni alikuwamo samaki mdogo. Lembris hali samaki wala hapendi kuwashika, lakini aliona beseni lina petroli kidogo, akamchota kwa kijiko cha chai akamhamishia kwenye ndoo.

"Maji ya wapi haya?" aliuliza Marsela. "Yetu ni mekundu."

"Ya mbali. Haya ni maji ya kutembea." Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mto mkubwa."

Marsela alichota jagi, akayaonja maji kidogo naye, akaona hayana chumvi, akaenda kumwagilia miche ya kabichi.

Aliporudi, maji yalikuwa yamekatika na Lembris alikuwa anafungua kikombe cha chini cha kabureta. Alikuwa amempa mgongo. Marsela aliona mabega yake yametulia. Yalitulia kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa nati moja. Kisha alifumba mkono, akauingiza ndani ya shuka, akautoa mtupu, akaendelea.

"Mama, naomba kitambaa kikavu," alisema.

Marsela alimpa.

"Hii nati imekazwa sana. Mwenye trekta ana nguvu."

Marsela alikwenda jikoni kubandika chai. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza spana.

"Mama, nikiimaliza hii nitairudisha kama ilivyokuwa," Lembris alisema kutoka uani.

Maji yalichemka. Marsela alitia majani, akatia maziwa. Zamani Tluway alikuwa akipeleka mahindi Nainokanoka kwa punda, na aliporudi mara ya kwanza alimwambia mkewe jambo moja la adabu za kule: kwamba Mmasai hatamki jina la aliyekufa. Hulikunja na kuliweka. Hata kama jina lile ni neno la kitu cha kila siku, watu wa nyumba ile hutafuta neno lingine la kukiitia kitu hicho. Ukiwatembelea, Tluway alisema, sikiliza jina lipi halitajwi, utajua utoe pole ya nani.

Alitoka na vikombe viwili.

"Lembris, trekta hili ni la nani?"

"La kwenu, mama."

"La nani hapa kwetu?"

"La kijana wa hapa."

"Na mimi huwa unaniita mama nani?"

Lembris aliweka spana chini. Alitazama ndoo. Samaki alikuwa anazunguka upande mmoja.

"Chai hii ina maziwa mazuri," alisema.

Kisha aliingiza mkono ndani ya shuka, akatoa kifungo cha bluu chenye umbo la ua, na uzi mweusi bado ukiwa kwenye matundu yake. Alikiweka juu ya kiti cha mringaringa. Akabeba kikombe chake akaenda kusimama penye ua wa manyara, akiwatazama ng'ombe wawili, na hakugeuka mpaka Marsela alipomaliza kukitazama.

Kesho yake Marsela alikwenda ofisi ya kijiji. Martini alimvutia kiti.

"Karibu, Mama Clemensi. Shamba linaendeleaje?"

"Nimekuja kutoa taarifa ya msiba."

"Pole. Wa nani?"

"Wa mwanangu."

Martini aliweka kalamu mezani. "Barua imekuja lini? Mbona haikupitia hapa?"

"Sina barua. Nina kifungo."

Alikifungua kwenye kitambaa. Martini alikitazama upande wa mbele, akakigeuza.

"Hakina muhuri," alisema.

"Mimi ndiye niliyekishona."

"Nakuelewa, Mama Clemensi. Lakini askari hafi bila karatasi. Sasa ukianza kulia bila karatasi, huo unakuwa uvumi, na uvumi wakati wa vita ni kosa. Wazazi wa wale watano wengine nao watafanyaje?"

"Sitaki kulia. Nataka kukaa metimani, nijitenge na watu mwaka mzima. Unajua mwenyewe desturi. Nyumba yangu imefiwa. Nikipita kwenye mashamba ya watu, nikichota maji nao, nitawatia mkosi."

"Hukufiwa," alisema Martini. "Utachota maji na wenzako kama kawaida. Ukijitenga wataniuliza kwa nini."

Alisema kwa upole. Alimmiminia maji katika kikombe chake mwenyewe. Marsela hakuyanywa, ili kikombe kisipate madhara, na Martini alipoona hakunywa alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

Asubuhi iliyofuata trekta lilikuwa limegeuka. Lilikuwa limezoea kutazama njia. Sasa lilitazama ukuta wa zizi, na hakukuwa na alama za matairi ardhini. Kuku waliozoea kulala chini yake walihamia kwenye banda la kuni. Mbuzi wa jirani walipofika usawa wake walizunguka mbali. Marsela alivuka ua na kulitazama, akaelewa kwamba limekaa metimani badala yake. Aliondoa gunia lile la zamani akalifunika kwa blanketi.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya kulima shamba la kijiji, na Martini alikuwa ameandika kwenye taarifa kwamba kijiji kina trekta. Alituma wanaume wanne walisukume, Inosenti akiwa mmoja wao. Walilisukuma vizuri mpaka kwenye mstari wa manyara ulio mpaka wa shamba la Marsela. Hapo magurudumu yalisimama. Walisukuma mpaka udongo ukarundikana mbele ya matairi.

Martini alikuja. "Kuna nini?"

"Halivuki, Mwenyekiti," mmoja alisema. "Lina msiba."

Martini naye alilelewa Qurus. Mama yake aliwahi kukaa metimani mwaka mzima, na yeye mwenyewe aliwahi kuzunguka kilima kizima ili asikanyage shamba la mtu. Alilitazama trekta. Kisha alitoa daftari akaandika kwamba trekta ni bovu. Waliporudi nalo liliteleza jepesi, wao wakilifuata nyuma.

Tangu siku hiyo kila mtu alijua, na kwa kuwa kulikuwa na katazo, hakuna aliyesema. Hyasinta, jirani wa upande wa chini, alifika mpakani akaacha kikapu cha mbegu za maharage juu ya jiwe, akaondoka kabla hakijachukuliwa. Wengine waliopita njiani walisimama wakaliambia trekta, "Poleni sana," kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Hakukuwa na katazo la kuliambia trekta pole. Padre alisoma misa kwa nia ya Marsela, na alipofika mahali pa kutaja jina alinyamaza kwa muda wa jina moja, akaendelea. Wanawake kisimani wakaanza kumwita mama tu. Si Mama Clemensi, si Mama Marsela. Mama tu.

Marsela alichota maji na wenzake kama alivyoagizwa. Alisalimia. Alipalilia. Gauni lake la kanisani alilibana kwa pini mahali pa kifungo. Kila Jumamosi aliinua blanketi, akafungua plagi, akaweka kidole kwenye tundu. Injini ilivuta na haikutoa. Alirudisha plagi, akafunika. Alingoja kuona kama yeye mwenyewe atahisi kitu. Alihisi ubaridi wa chuma kwenye kidole.

Vita viliisha. Vijana watano walirudi kwa lori, wakachinjiwa fahali. Marsela alipeleka ndizi. Alimwuliza mmoja wao swali moja, naye akasema walivuka mto mahali tofauti tofauti, kisha akaomba radhi kwamba anaitwa. Hakuna aliyekuwa amemwita. Barua haikuja mwaka huo. Samaki alihamia kwenye hori la ng'ombe, akala makombo ya ugali, akafika urefu wa kiganja. Ng'ombe walikunywa kandokando yake kwa uangalifu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, Lembris alishuka bila kuitwa, na kibuyu cha maziwa begani. Alikuta trekta limegeuka, linatazama njia. Marsela alikuwa ameshanyoa nywele, kama anayemaliza msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lipime."

Lembris alifungua plagi. Hakuhitaji kuvuta kamba. Pumzi ilianza kutoka yenyewe, ya moto, taratibu, yenye harufu ya petroli na mto. Ilitoka tangu saa tatu mpaka ng'ombe waliporudishwa kunywa maji. Majani ya mahindi yaliinama mpaka barabarani. Nguo za Hyasinta zilizokuwa kwenye kamba zilikauka. Marsela na Lembris walikaa juu ya kigogo wakinywa maziwa na kungoja. Ilipokwisha, Lembris alirudisha plagi, akampa Marsela kamba. Aliizungusha mara tatu, akavuta mara moja. Injini ikawaka.

Kuku walirudi siku ile ile. Marsela alikaa karibu na injini akashona kifungo kwenye gauni kwa uzi mweusi, kwa muda wa makumi mawili ya rozari. Alidhani labda atalia, na alikuwa na kitambaa tayari. Injini ilikuwa imekwisha kufanya hivyo. Akaizima, akalifunika trekta.

Jumapili ya mwisho ya mwezi kulikuwa na mkutano wa kazi za kijiji. Kabla haujaanza Marsela alimwendea Martini.

"Mwenyekiti, nakuomba jambo moja. Kwenye orodha yako, lile jina liache lipumzike."

"Jina lipi, Mama Clemensi?"

Marsela alinyamaza.

"Ah," alisema Martini. "Haiwezekani bila barua. Orodha ya serikali haifutwi kwa raba."

Waliokuwa karibu walisikia. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyetazama mlango wa ghala. Hyasinta alisogea kwenye benchi ili Marsela apate mahali pa kukaa.

Martini alifungua daftari na kuanza kuita majina. Kila jina liliitikiwa. Akafika katikati ya ukurasa.

"Clemensi Tluway."

Watu walitazama chini.

"Clemensi Tluway."

Kwa utaratibu jina huitwa mara tatu.

"Clemensi Tluway."

Marsela alishika kifungo chake kwa vidole viwili. Martini aliandika kwamba hayupo, kama alivyoandika mwezi uliopita na kama angeandika mwezi ujao, akapitisha kalamu kwenye mstari uliofuata.

"Inosenti Martini."

"Nipo," alisema Inosenti.